Ledum Mitee na ripoti ya 2008: amani ya Delta ya Niger iliyonunuliwa nusu

Tarehe 1 Desemba 2008, mjini Abuja, mwanasheria Ledum Mitee alimkabidhi Rais Umaru Yar'Adua wa Nigeria ripoti ya kamati iliyopewa kazi ya kutafuta dawa ya vita vya mafuta katika Delta ya Niger. Haikutimia miezi saba, serikali ikatangaza msamaha kwa vijana waliokuwa wakipigana kwenye vijito vya mikoko. Bunduki zikasalimishwa, mabomba yakakarabatiwa, mafuta yakarudi sokoni. Ukisoma maelezo mengi ya kipindi kile utadhani ripoti na msamaha ni kitu kimoja. Sivyo. Msamaha ulikuwa kipande tu cha ripoti, na namna kilivyochomolewa peke yake ndiyo habari yenyewe.

Kisa hiki kinastahili kusomwa kupitia mtu aliyeongoza kamati ile. Ni wachache waliokalia kiti cha upatanishi wakiwa wamelijua tatizo kutoka pande nyingi kama yeye: mwanaharakati, mshtakiwa, mkimbizi, kiongozi wa jumuiya iliyogawanyika, na baadaye mkaguzi wa hesabu za mafuta za taifa.

Alikotoka

Mitee ni Mwogoni, mzaliwa wa K-Dere katika jimbo la Rivers. Eneo la mafuta la Bomu, lililoko hapo hapo, liligunduliwa mwaka 1958, miaka miwili baada ya Shell-BP kupata mafuta ya kwanza ya kibiashara ya Nigeria huko Oloibiri. Waogoni walipoandika Tamko lao la Haki mwaka 1990, walilalamika kwamba zaidi ya miaka thelathini ya uchimbaji ilikuwa imepita na bado hawakuwa na maji ya bomba, umeme wala ajira za maana. Vuguvugu lao, MOSOP, lilikataa silaha tangu mwanzo. Januari 4, 1993 watu wanaokadiriwa kufika laki tatu waliandamana kwa amani, katika jamii ambayo kwa hesabu za wakati ule ilikuwa na watu kama nusu milioni. Mwaka huo huo Shell ikafungasha virago Ogoni.

Mwaka huo huo pia nyumba ilipasuka. Mwandishi Ken Saro-Wiwa na wenzake ndani ya MOSOP walitaka uchaguzi wa rais wa Juni 12 ususiwe. Viongozi wakongwe, Garrick Leton na Edward Kobani, hawakukubali na wakajiuzulu. Saro-Wiwa akawa rais wa MOSOP, Mitee makamu wake. Mei 21, 1994 kundi la watu lilivamia mkutano huko Giokoo na kuwaua wazee wanne wa Kiogoni: Kobani, Albert Badey, Samuel Orage na Theophilus Orage. Saro-Wiwa na Mitee walikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi wa mauaji hayo, ingawa hawakuwapo yalipotokea.

Mahakama maalumu chini ya Jaji Ibrahim Auta ilikuwa na ofisa wa jeshi miongoni mwa wajumbe wake watatu, na hukumu yake haikuwa na rufaa. Mashahidi wawili wa upande wa mashtaka waliapa kwa maandishi kwamba walihongwa. Mawakili wa utetezi walijitoa kwa kuona wanaupa uhalali mchezo wa kuigiza. Mwisho wa Oktoba 1995, washtakiwa tisa kati ya kumi na watano walihukumiwa kifo. Sita waliachiwa, Mitee akiwamo. Novemba 10 wale tisa walinyongwa Port Harcourt, na Jumuiya ya Madola, iliyokuwa mkutanoni Auckland siku zile, ikaisimamisha Nigeria uanachama.

Makamu aliachiwa, rais wake akanyongwa, kwa ushahidi wa aina moja mbele ya majaji walewale. Mitee alikwenda uhamishoni Uingereza na kurudi mwaka 1998 baada ya mtawala wa kijeshi, Jenerali Sani Abacha, kufariki. Alikuta kazi ambayo wanaharakati wengi huikwepa kwa sababu haina kamera wala sifa: familia za wale tisa walionyongwa na za wale wanne waliouawa zilikuwa zinaishi kijiji kwa kijiji, zikikutana sokoni na kanisani. Kabla ya kudai chochote Abuja au kwa kampuni ya mafuta, Waogoni walipaswa kuweza kukaa chumba kimoja. Tume ya Oputa, iliyokuwa ikichunguza ukiukaji wa haki za binadamu wa miaka ya kijeshi, ilifika Port Harcourt mwaka 2001, na Mitee akatoa ushahidi mbele yake kama kiongozi wa MOSOP. Kidonda hakikupona, lakini kiliwekwa hadharani.

Kiti kilichokataliwa na mwingine

Tuje 2008. Kizazi kipya cha Delta kilikuwa kimeona njia ya maandamano ilivyowapeleka Waogoni kwenye kitanzi. Kundi la wapiganaji la MEND lilijitokeza mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, likiteka wafanyakazi wa kampuni na kulipua mabomba. Juni 19, 2008 lilifika hadi Bonga, mtambo wa Shell ulioko karibu kilomita 120 baharini, ambao kila mtu aliamini uko mbali na boti za vijana.

Serikali ilitaka kuitisha mkutano mkuu wa Delta na ikamteua Ibrahim Gambari kuuongoza. Kwa wasifu wa kidiplomasia hakuwa na upungufu. Lakini ndiye aliyekuwa balozi wa Nigeria Umoja wa Mataifa enzi za Abacha, na ndiye aliyeitetea serikali baada ya kunyongwa kwa wale tisa. Watu wa Delta wakamkataa, akajitoa. Ndipo ikaundwa Kamati ya Kitaalamu ya Delta ya Niger, yenye wajumbe zaidi ya arobaini, ikazinduliwa Septemba 8 na Makamu wa Rais Goodluck Jonathan. Mwenyekiti wake akawa yule aliyekaa kizimbani mwaka 1995.

Uteuzi huo ulikuwa na akili kuliko unavyosifiwa. Wenye silaha hawakumwona Mitee kama kibaraka, na serikali haikuweza kusema ni mtetezi wa bunduki, kwa sababu MOSOP haikuwahi kuzishika. Hata hivyo kuna waliolalamika kwamba kiongozi wa vuguvugu hawezi kuwa mshauri wa serikali kwa wakati mmoja, na ndani ya MOSOP mvutano juu ya uongozi wake ulizidi kukua miaka iliyofuata. Lalamiko lile halikuwa la kipuuzi. Mpatanishi anayetoka ndani hupata imani ya watu kwa mkopo, na riba yake hulipwa nyumbani.

Uamuzi wa kutotafiti

Jambo la kwanza ambalo kamati ilifanya lilikuwa kukataa kuanza utafiti upya. Ilikusanya yaliyokwisha kuandikwa: zaidi ya ripoti, kumbukumbu na mapendekezo 400, kuanzia Tume ya Willink ya 1958. Tume ile, iliyoundwa na Waingereza kabla ya uhuru kuchunguza hofu za makabila madogo, ilikwisha kueleza kuwa Delta ni eneo lenye mazingira magumu linalohitaji chombo chake cha maendeleo. Chombo kikaundwa mwaka 1961. Kikafa. Kikaja kingine 1992, OMPADEC, kikafa. Mwaka 2000 ikaja NDDC. Kutoka Willink hadi Mitee ni miaka hamsini kamili.

Kwangu mimi, huo ndio uamuzi bora wa uongozi katika kisa chote. Kila serikali inayotaka kununua muda huunda tume ya kuchunguza kinachojulikana. Kamati iliyosema "yote yamekwisha kusemwa, sisi tutapanga tu nini kianze" iliifungia serikali mlango wa kutokea.

Na mpangilio wenyewe ulikuwa hivi. Fungu la mapato ya mafuta linalorudi katika majimbo yanakotoka lipande mara moja kutoka asilimia 13 hadi 25, nyongeza ielekezwe kwenye miundombinu na maendeleo endelevu. Barabara ya Mashariki-Magharibi, inayoiunganisha Delta, ikamilishwe kwa njia mbili ifikapo Juni 2010. Uchomaji wa gesi ukome. Usimamizi wa uchafuzi uwe huru. Kuhusu silaha, kiundwe chombo chenye mamlaka, wakiwamo wapatanishi wa kimataifa, cha kusimamia usalimishaji wa silaha, kuvunjwa kwa vikosi na kuwarejesha vijana katika maisha ya kawaida, kuanzia ngazi ya eneo zima hadi serikali za mitaa. Watakaokubali kuingia katika mpango huo wapewe msamaha. Vijiji vilivyoharibiwa na operesheni za jeshi vijengwe upya. Msomaji wa Delta hakuhitaji kuelezwa ni vijiji gani: Odi, katika jimbo la Bayelsa, ulisawazishwa na wanajeshi Novemba 1999.

Ripoti ilikuwa na udhaifu, na mkubwa ni wa tarehe. Ilikabidhiwa Desemba 1 na humo ikataka mioto ya gesi izimwe kabla ya Desemba 31 ya mwaka huo huo, kwa kuwa ndiyo tarehe ambayo serikali yenyewe ilikuwa imeiweka. Kisiasa unaelewa: wanamkamata mtu kwa neno lake. Kiutendaji, pendekezo lisilotekelezeka likikaa kando ya linalotekelezeka humpa mtawala kisingizio cha kuliweka fungu zima kabatini.

Kwa nini msamaha na si mengine

Baada ya Desemba palikuwa kimya. Kilichovunja ukimya huo ni jeshi. Mei 15, 2009 lilishambulia eneo la Gbaramatu katika jimbo la Delta, kutoka angani na majini, na maelfu ya wanavijiji wakakimbilia misituni. Orodha ya vijiji vya kujengwa upya ikawa imeongezeka kabla hata kimoja hakijajengwa. Juni 25 Yar'Adua akatangaza msamaha, na muda wa kusalimisha silaha ukawekwa kuwa Agosti 6 hadi Oktoba 4.

Tuangalie pesa, maana humo ndimo jibu lilimo. Kila aliyeandikishwa alilipwa posho ya naira 65,000 kwa mwezi. Orodha ilifikia watu kama 30,000. Zidisha, utapata karibu naira bilioni mbili kwa mwezi, yaani dola milioni 13 hivi kwa thamani ya naira ya wakati ule. Upande wa pili, kwa makadirio yaliyotajwa sana, uzalishaji wa mafuta ulikuwa umeshuka katikati ya 2009 hadi chini ya mapipa milioni moja kwa siku, na baada ya msamaha ukapanda juu ya milioni mbili. Pipa moja likiuzwa dola 70, mapipa milioni moja ya ziada ni dola milioni 70 kwa siku. Posho ya mwezi mzima kwa vijana wote inarudi katika saa tano za kusukuma mafuta. Si zote zinazoingia hazina, kwani kuna gharama na kuna mgawo wa kampuni, lakini hata ukipunguza nusu bado ni biashara isiyohitaji kufikiriwa mara mbili.

Asilimia 25 ni habari nyingine kabisa. Wakati wa uhuru Katiba iliyapa majimbo nusu ya mapato ya rasilimali zao. Serikali za kijeshi zilikata hadi ikafika asilimia 1.5 miaka ya 1980, ikapanda kuwa 3 mwaka 1992, na Katiba ya 1999 ikaweka isiyopungua 13. Kuipandisha hadi 25 maana yake ni kupunguza mfuko unaogawanywa na majimbo yote 36, mengi yakiwa hayana hata kisima kimoja cha mafuta. Hakuna rais wa Nigeria anayeweza kulifanya hilo bila kugombana na magavana wengi kuliko wanaomuunga mkono. Posho haikumgusa gavana yeyote. Ilitoka kwenye bajeti ya shirikisho, ikamfikia kijana mkononi, ikazima moto.

Ndiyo maana nasema Mitee na kamati yake hawakushindwa kwa hoja. Walipeleka kifurushi kimoja kwa mteja aliyekuwa na haja ya kitu kimoja tu ndani yake, na hawakuwa na kamba ya kukifunga. Hakukuwa na kifungu cha sheria, wala mdhamini wa nje, wala ratiba iliyosema msamaha hautaanza mpaka chombo cha kuusimamia kiwepo. Wale wapatanishi wa kimataifa hawakuitwa. Mwenyekiti alikuwa na heshima, na heshima haimzuii rais kurarua ukurasa. Novemba 2009 Yar'Adua alipelekwa Saudi Arabia akiwa mgonjwa, Mei 2010 akafariki, na yale ya "baada ya msamaha" yakabaki kuwa mafunzo ya ufundi na posho.

Wasio na bunduki

Mahali pa kupimia matokeo haya ni Ogoni kwenyewe. Waogoni hawakuwa na jeshi la kusalimisha, kwa hiyo mpango wa posho kwa ujumla uliwapita. Njia yao ilikuwa ya meza. Mwaka 2005 Rais Olusegun Obasanjo alimteua Padri Matthew Kukah kuwapatanisha na Shell, na kutokana na mchakato huo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, likaombwa lipime uchafuzi. Mitee alikuwa rais wa MOSOP kipindi hicho.

Ripoti ya UNEP ilitoka Agosti 4, 2011. Watafiti walikagua zaidi ya maeneo 200, wakatembea kilomita 122 za njia za mabomba, wakafanya mikutano 264 na wananchi. Huko Nisisioken Ogale waliwakuta watu wakinywa maji ya visima vyenye benzini, kemikali inayosababisha saratani, kwa kiwango zaidi ya mara 900 ya kile kinachoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani. Karibu na hapo, juu ya maji ya ardhini yanayolisha visima, palielea tabaka la mafuta yaliyosafishwa lenye unene wa sentimita nane. Hebu pima sentimita nane kwa vidole vyako. UNEP ilikadiria kuirudisha ardhi na maji katika hali yake kungechukua miaka 25 hadi 30, na ikashauri kazi ianze na mfuko wa dola bilioni moja kwa miaka mitano ya mwanzo.

Chombo cha kusafisha, HYPREP, kiliundwa 2012 na hakikufanya la maana. Juni 2016 kikazinduliwa upya huko Bodo na Makamu wa Rais Yemi Osinbajo. Miaka mitano kwa watu waliokuwa wakinywa benzini, wakati kijana aliyerudisha bunduki katika msimu wa 2009 alikuwa ameshapokea posho miaka sita. Vijana wa Delta hawakuhitaji kusoma ripoti yoyote kujua ipi kati ya njia hizo mbili inalipa.

Mwaka 2012 Mitee alikabidhiwa uenyekiti wa bodi ya NEITI, taasisi inayokagua kampuni za mafuta zililipa nini na serikali ilipokea nini. Baadhi ya watu waliona ni kama amepewa kiti cha kupumzikia. Nadhani kilikuwa mwendelezo wa mantiki ileile: ukishindwa kupata asilimia 25, angalau hakikisha hizo 13 ni 13 ya hesabu ya kweli. Lakini NEITI nayo hutoa ripoti, na ripoti tulishaona zinakwenda wapi.

Bili ikarudi

Mwaka 2016, serikali ya Muhammadu Buhari ikiwa imeanza kuubana mpango wa msamaha, likazuka kundi la Niger Delta Avengers. Februari walilipua bomba la chini ya bahari la kituo cha Forcados, na katikati ya mwaka uzalishaji wa nchi ulikuwa umeporomoka kwa mamia ya maelfu ya mapipa kwa siku. Fedha za msamaha zikarudishwa. Funika kombe, mwanaharamu apite. Mwaka 2022 kazi ya kulinda mabomba ilikabidhiwa kampuni ya Tantita, inayohusishwa na Government Ekpemupolo, maarufu kama Tompolo, aliyekuwa kamanda mkuu katika eneo lile lile la Gbaramatu lililoshambuliwa mwaka 2009.

Sitaki kulidharau hilo. Wizi wa mafuta ni tatizo halisi, na anayevijua vijito ndiye anayeweza kuvilinda. Linganisha tu na kilichowapata wanavijiji. Sheria ya Sekta ya Petroli ya 2021 hatimaye ililazimisha kila kampuni kuunda mfuko wa jamii zinazoizunguka na kuuchangia asilimia 3 ya gharama zake za uendeshaji za mwaka uliotangulia. Jamii zilikuwa zimeomba zaidi, lakini ni haki ya kisheria, ya kwanza ya aina yake. Kisha kuna kifungu cha 257. Bomba likihujumiwa, au vurugu zikisimamisha uzalishaji, gharama za ukarabati zinakatwa kwenye fungu la jamii husika.

Maana yake mwanamke wa Bodo au Gbaramatu anayeuza samaki wa mikoko, asiye na boti ya doria wala mkataba wa ulinzi, ndiye mdhamini wa bomba ambalo wengine wanalipwa kulilinda. Likilipuliwa usiku na watu asiowajua, zahanati iliyokuwa ijengwe kwa mfuko ule ndiyo inayolipa.